Mke Wangu Ni Mwanajeshi, Mimi Napiga Mbwa Picha: Nimfuate Nanyuki?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 36, naishi Umoja hapa Nairobi. Mke wangu ni afisa wa Jeshi la Angani na tumeoana miaka tisa. Nilikuwa napiga picha za harusi mpaka 2020, mikusanyiko ilipopigwa marufuku kwa sababu ya korona. Mama mmoja wa Lavington akaniomba nimpige picha mbwa wake mzee kabla hajafa. Picha zile zikazunguka WhatsApp, nikaitwa na mwingine, kisha mwingine. Leo hiyo ndiyo kazi yangu: mbwa, paka, na mara mojamoja farasi. Huwa naenda kwa mteja nyumbani. Kwa kila kazi nalipwa kati ya shilingi 8,000 na 15,000, na mwezi mzuri napata kazi 12. Nina kijana mmoja anayenisaidia.

Shida ni kwamba kila nikianza kusimama, jeshi linatuvuruga. Alipokuwa kozini nilibaki na mtoto. Alipopelekwa Somalia nilibaki na mtoto tena, mwaka mzima, nikakataa kazi nyingi. Sasa amepandishwa cheo na anatakiwa kuripoti Nanyuki mwanzoni mwa Septemba. Anataka twende sote. Nilimwambia sawa. Lakini siku tatu kabla hajaniletea habari hiyo nilikuwa nimelipa arbuni ya shilingi 90,000 kwa chumba cha studio karibu na Barabara ya Ngong, na mpaka leo sijamwambia. Kodi ni 45,000 kwa mwezi. Kaka zangu wananicheka, wanasema mwanamume hafuati mke kama mkia. Nimekuwa mkali nyumbani bila sababu. Binti yetu yuko Gredi ya 2. Nibaki na biashara yangu au nimfuate mke wangu?

Mpiga Picha, Umoja

* * *

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale uliposema "sawa".

Mkeo alisema Nanyuki, ukajibu sawa. Sina shaka hata aliposema Somalia ulijibu vivyo hivyo. Kisha unageuka mkali kwa sababu ya chumvi kwenye mboga au taa iliyoachwa ikiwaka chooni. Mtu aliyekubali jambo kwa moyo wake hafanyi hivyo. Mkeo anaishi na jibu ambalo hukulimaanisha, na hajui.

Zile elfu tisini ni za jasho lako, na sikulaumu kwa kuzitoa. Ninachojiuliza ni kwa nini ulizitoa wakati ule. Mwenzi wa mwanajeshi hunusa uhamisho kabla haujaandikwa: simu zinaongezeka, watu wanaanza kuzungumzia vyeo, mtu anarudi nyumbani akiwa na mawazo. Nadhani ulinusa. Ulitaka kigingi cha kukufunga Nairobi, ili habari ikifika uwe na la kusema. Kisha habari ikafika na mdomo ukakataa.

Na chumba chenyewe sioni kitakusaidia nini. Umeniambia huwa unaenda kwa watu. Mbwa hutulia kwao, chini ya mti wake, karibu na bakuli lake. Ukimleta kwenye chumba kigeni chenye harufu ya mbwa wengine kumi, halafu taa ikamlipukia usoni, utakachopiga ni picha ya hofu. Wewe wajua kuliko mimi kwamba mwanga wako bora ni wa bure: asubuhi kabla jua halijawa kali, saa kumi na moja jioni, na yale mawingu ya Julai ambayo sisi wengine tunayalalamikia, lakini kwa mbwa mweusi ni neema. Chumba cha 45,000 kwa mwezi kingekula kazi tano za shilingi 9,000 kabla hujanunua mafuta ya gari wala kumlipa kijana wako. Ungekuwa umeniuliza kabla, ningekukataza hata kama hakuna uhamisho.

Nikueleze jambo la kwangu, kwa sababu lako linafanana nalo sana. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtumishi wa serikali, na katika miaka 11 tulihamishwa mara tano. Mimi nilikuwa fundi cherehani: sare za shule, nguo za arusi, mapazia. Kila barua ya uhamisho ilipokuja niliuza cherehani yangu kwa bei ya kutupa. Kwenye lori palipatikana nafasi ya kabati lake la vitabu na ya meza ya kulia, lakini cherehani, "tutanunua nyingine huko." Aliyesema maneno hayo ni mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Niliiona kazi yangu kama kitu cha kujazia muda, ilhali ya kwake ndiyo kazi. Halafu nikawa namnunia, na maskini hakujua kwa nini.

Uhamisho wa nne nilimwekea daftari langu mezani. Mapato mkono mmoja, matumizi mkono mwingine, miezi 14 mfululizo. Alilifunua ukurasa kwa ukurasa, asiseme neno. Karo ya watoto wawili ilikuwa ikitoka kwenye ile cherehani, na yeye miaka yote hiyo alidhani ni mshahara wake unaonyooshwa na Mungu. Uhamisho wa tano, cherehani ilipanda lori kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa nakuuliza: mkeo analijua daftari lako? Kwa hesabu uliyonipa, mwezi mzuri unaingiza kati ya shilingi 96,000 na 180,000 kabla ya gharama. Si pesa ya soda hiyo. Anajua ni wateja wangapi uliwakataa alipokuwa Somalia? Sisemi ili umdai. Lakini mtu hawezi kuihurumia kazi asiyoijua ukubwa wake, na ninahofia ndani ya nyumba yenu biashara hii inaitwa "zile picha za mbwa."

Upande wa pili nao usiusahau. Mkeo hakuichagua Nanyuki. Amri imetoka juu, naye ameapa kutii. Wewe unaweza kubishana na mteja juu ya tarehe. Yeye hana wa kubishana naye. Ukimwadhibu kwa ukali wa nyumbani, unampa hatia ya jambo ambalo hakuulizwa.

Kuhusu kaka zako sitakaa sana. Kwa miaka mingi wanawake wa jeshi letu walitengewa kikosi chao cha kando, mpaka kikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaingia katika vikosi sawa na wanaume. Mwaka 2024 Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliteuliwa kuliongoza Jeshi la Angani, mwanamke wa kwanza nchini kuongoza tawi la jeshi. Hilo ndilo jeshi la mkeo. Maofisa kama hao wana nyumba, na ndani ya baadhi ya nyumba hizo kuna waume wanaopika, wanaofanya kazi, wanaohama. Mwaka ule mzima wa Somalia, aliyekuwa akiamka usiku mtoto akikohoa ni nani? Kaka zako walikuwa wapi? Wakicheka tena, wape tarehe moja waje wakushikie mtoto ukiwa kazini, uone watakavyonyamaza.

Jibu langu ni umfuate. Ila usiende Septemba, na usiende mikono mitupu.

Mtoto amalize muhula wa tatu hapa. Kumhamisha Januari, mwaka mpya wa masomo unapoanza, ni rahisi kwake kuliko kumng'oa katikati. Hiyo inakupa Septemba hadi Desemba. Mkeo atangulie, nanyi mwende kumwona mwishoni mwa juma anapokuwa na nafasi. Nanyuki ni karibu kilomita 200 kutoka hapa, si mwisho wa dunia. Na kila mkienda, beba kamera. Asubuhi mapema Mlima Kenya huwa wazi, na saa tatu nne hivi mawingu huanza kuufunika, kwa hiyo kazi yako ya huko itakuwa ya kuamka gizani. Nenda ukaonane na madaktari wa mifugo wa mji ule, maana hao ndio wanaojua nani ana mbwa na nani anampenda. Laikipia, kaunti yenye mji wa Nanyuki, ni nchi ya mashamba makubwa na farasi, na hata hifadhi ya Ol Pejeta ina mbwa wake waliofunzwa kusaka majangili. Farasi unaowapiga mara mojamoja huku wanaweza kuwa mkate wako kule. Usiamini maneno yangu wala ya mtu mwingine: omba kazi tatu za kulipwa kabla ya Desemba, uone watu wanatoa mkono hadi wapi.

Nairobi usiifunge. Kuanzia Januari tenga safari mbili kila mwezi, Alhamisi hadi Jumapili, na wateja wako wajue tarehe hizo miezi mitatu mbele. Siku moja iwe ya Karen na Lang'ata, nyingine ya Runda, Gigiri na Muthaiga, usiwe unavuka jiji mara mbili kwa siku ukimaliza nusu ya mwanga kwenye foleni. Msitu wa Karura wanaruhusu mbwa wakiwa kwenye kamba, lakini kwa kuwa wewe unafanya biashara, uliza kwanza kibali cha kazi. Jina la biashara ulilosajili ni la nchi nzima, utahama nalo. Leseni ya Kaunti ya Nairobi haivuki mpaka; kule utaomba ya Laikipia.

Kuna kazi moja ambayo haitaingia kwenye ratiba hiyo, na najua ndiyo iliyo karibu na moyo wako, kwa sababu ndiyo iliyokuanzisha. Mbwa mzee hasubiri Alhamisi. Mtu akikupigia Jumatatu akilia kwamba daktari amesema ni kesho, huwezi kumwambia uko Nanyuki. Hapo ndipo kijana wako anapoingia. Una miezi minne ya kumfundisha, si kubeba begi tu, bali kulala kifudifudi kwenye nyasi mpaka lenzi ilingane na macho ya mbwa, kungoja bila kuita jina lake mara ishirini, kujua wakati wa kuiweka kamera chini na kumwacha mwenye mbwa amkumbatie. Mpe sehemu ya malipo inayoeleweka, muiandike. Ukimpunja ataondoka na wateja, na nitamwelewa.

Zile siku nne za Nairobi lazima ziingie kwenye kalenda ya mkeo kama ambavyo kozi zake huingia kwenye yako. Hata hivyo usimdai ahadi asiyoweza kuitimiza. Akiitwa kazini Ijumaa usiku ataenda. Kwa hiyo tafuteni mtu wa tatu mapema, dada wa kazi mnayemwamini au jamaa, na mshahara wake uhesabiwe kama gharama ya biashara yako na ya kazi yake pia. Mwaka ule wa Somalia mlikosa mtu wa tatu, na hapo ndipo kinyongo chako kilipoota.

Tena, mwanangu, unapowatangazia wateja, waambie tu kwamba unafungua milango Laikipia. Usiandike mke wako amehamishiwa wapi, usiweke picha yake akiwa na sare, na kamera isitoke kwenye begi karibu na kambi. Watu wanaokufuata mtandaoni wanapenda mbwa, lakini si wote unaowajua.

Sasa, mazungumzo yenyewe. Jumapili usiku, mtoto akishalala, weka daftari mezani. Anza na elfu tisini, usizizungukie. Mwambie ulilipa lini, kwa nini ulinyamaza, na kwamba ile "sawa" yako haikuwa kweli. Atakasirika, na ana haki. Usijibu hasira yake kwa Somalia. Acha ipite, kisha mfungulie kurasa, umwonyeshe kazi 12 za mwezi mzuri na zile chache za mwezi mbaya, umwombe zile siku nne mara mbili kwa mwezi. Yeye naye muulize alichoogopa alipokuwa akikuletea habari ya Nanyuki. Nahisi kipo.

Mwenye jengo la Barabara ya Ngong mpigie Jumatatu asubuhi, umwombe arudishe anachoweza kurudisha. Ukampigie baada ya kuzungumza na mkeo, wala si kabla.