Kijiko Kimeshachimba, Kibali Ndiyo Kwanza Unakitafuta

Kamwene, ndugu zangu.

Juzi dada mmoja wa Tukuyu kaniandikia. Ameshasawazisha kilima chake kando ya kijito, amejenga ngazi za mawe, amepanda na ukoka, halafu mtendaji wa kijiji kapita na daftari. "Dada, naanzia wapi?" Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, maana mwaka juzi swali hilo nililiuliza mimi, tena kwa machozi.

Mnaonifuata siku nyingi mnaijua bustani yangu kwa picha. Picha hazisemi ilivyopatikana. Ni ekari mbili, si mbali na Iringa mjini, mteremko unaoshuka hadi kwenye kijito kinachomwaga maji Ruaha Mdogo. Ardhi niliinunua kihalali: halmashauri ya kijiji ilikaa, muhtasari ninao, hati ya hakimiliki ya kimila ninayo. Nikajiona nimemaliza. Watu wa mjini kila Jumamosi wanahangaika kutafuta mahali pa sendofu na kicheni pati, nami nina mteremko unaotazama milima. Ungekuwa wewe ungengoja nini?

Nikaita kijiko, ule mtambo wa kuchimbia. Nilimuuliza kijana wa kijiko kama kuna karatasi inayotakiwa. Akanijibu, "Mama, shamba ni lako, vibali ni mambo ya mjini." Sentensi hiyo imenigharimu kuliko mafuta yote niliyomjazia. Siku tatu akakata mteremko kuwa majukwaa manne, akachimba na bwawa la samaki kule chini karibu na maji, kwa sababu mimi ndiye niliyetaka wageni wapige picha hapo. Oktoba ile vumbi lilikuwa jekundu hadi kwenye meno, na mimi nilikuwa na furaha kama bibi harusi.

Desemba mvua ikanyesha usiku mmoja tu. Asubuhi udongo wote uliolegezwa ulikuwa umeshuka bondeni na kufunika vinyungu vitatu vya majirani, yaani bustani zao za bondeni. Mahindi yaliyokuwa yamebeba yalionekana mbelewele tu juu ya tope. Nilishuka na jembe kusaidia kuzibua mifereji. Mama mmoja tunayesali naye jumuiya moja alinipokea vizuri, hata chai akanipa. Jumatatu nikaletewa barua ya kusimamisha kazi. Baadaye nikajua aliyeipeleka habari ni yeye yule wa chai.

Niseme kweli, miezi mitano sikukaa naye benchi moja kanisani. Kilichoniuma si barua, ni chai. Na kinyungu chake chenyewe kiko hatua tano kutoka kwenye maji! Hilo nililisema kwa sauti mbele ya maofisa, na lilinishushia heshima bure. Kosa la jirani halikupunguzii lako hata shilingi. Ukiitwa, zungumzia shamba lako tu.

Kuzungushwa kwangu sitakusimulia kote. Ofisi moja niliambiwa njoo kesho mara sita. Kwenye korido ya hiyo hiyo, kijana mmoja mwenye kitambulisho alichokigeuza nyuma mbele akaniambia kwa siku mbili atanipatia barua yenye muhuri, nikimtoa vizuri. Hela nilikuwa nimeshaitoa benki. Mwanangu wa pili, ambaye kwa kawaida hasemi, ndiye aliyenizuia: "Mama, muhuri wa kununua hauna faili." Ukibanwa mwakani, nani ataifukua barua yako kabatini? Haipo.

Siku ya kupima ndiyo siku niliyosoma shule. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mimi nilikuwa nimepima mwenyewe, nikapata 60 na zaidi hadi kwenye kibanda nilichojenga. Nilipimia wapi? Kwenye maji, tena ya Oktoba, kijito kikiwa chembamba kama mshipi. Afisa mazingira hakuteremka hadi kwenye maji. Alisimama juu kwenye ukingo, pale ambapo nyasi za masika zilikuwa bado zimelalia upande mmoja, akashika ncha ya tepu hapo. Tepu ilikuwa ya mita 50, ikaishia katikati ya jukwaa la tatu. Wakachomeka kijiti, wakaongeza kumi. Kibanda changu kilikuwa kwenye 46.

Akaniambia kwa upole, "Mama, udongo wako unaelekea Mtera." Sikuwa na la kujibu. Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, na Mtera ndiko kwenye bwawa la umeme.

Sasa wewe dada wa Tukuyu, sikiliza. Kwanza nenda mwenyewe, usingoje kuitwa. Pili, usiombe kibali kimoja cha kila kitu. Ligawe shamba lako. Vilivyo nje ya mita 60 vinatetewa: mimi niliandika barua kijijini kuomba kubadili matumizi, kwa sababu kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi pale pameandikwa kilimo. Halmashauri ya kijiji ikajadili, jambo likapelekwa mkutano mkuu, ambao kwa kawaida hukaa kila miezi mitatu, kwa hiyo jipange kungoja. Vilivyo ndani ya mita 60, viage. Bwawa langu nililifukia kwa mikono na vibarua, kijiko hakikuruhusiwa tena kushuka, na kibanda nikakihamisha. Nikapanda matete na miti ya mivengi. Faini nililipa na stakabadhi nimeiwekea fremu, acha mnicheke.

Maji ni faili jingine. Kuchota ndoo ya nyumbani hakuna anayekudai, lakini ukilaza mpira na pampu ya kumwagilia ukoka, unahitaji kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde lako. Sisi Iringa ni Bonde la Rufiji; wewe Tukuyu ni Bonde la Ziwa Nyasa, na ofisi zao ziko hapo hapo kwenu. Mradi ukiwa mkubwa, NEMC, baraza la taifa la mazingira, nao wataingia na ukaguzi wa mazingira. Na nenda mwenyewe. Nimeshasema? Narudia: nenda mwenyewe, na picha za kabla na baada.

Shida yetu tunaichukulia ofisi kama wakwe: mtorosheni binti kwanza, mkishazaa watapokea mahari. Wakati mwingine wanapokea, lakini mahari ya aina hiyo haijawahi kuwa ndogo. Tuache, jamani. Mnapenda kuwaita wataalamu wakati tope limeshaingia kwa jirani.

Barua yangu ya kukubaliwa ilitoka wiki iliyopita, kurasa mbili, masharti tisa. Jioni yake yule mama wa chai alikuja kuuliza kama tarehe za Agosti zipo, binti yake anaagwa. Nimemwandikia kwenye daftari. Bei nimempa ile ile ya watu wengine, chai haimo.