Jibu: Magazeti kutofautiana kuhusu mshindi wa mdahalo

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini magazeti mawili yanataja washindi tofauti wa mdahalo uleule wa kura za mchujo, yaani kura za chama za kumpata mgombea wake. Kwanza angalia kama ulichosoma ni habari au safu ya maoni, maana mshindi kwa kawaida hutangazwa na wachambuzi. Kisha soma maandishi kamili ya yote yaliyosemwa kwenye mdahalo wenyewe, kama mimi nifanyavyo. Kule Cleveland, Marekani, Agosti 6, 2015, wagombea 10 wa urais wa chama cha Republican walitakiwa kunyoosha mkono iwapo hawako tayari kuahidi kumuunga mkono yeyote atakayeteuliwa na chama, na Donald Trump peke yake akanyoosha. Tukio kama hilo humeza kichwa cha habari, na majibu kuhusu sera, ambayo mpiga kura anayahitaji zaidi, husukumwa kurasa za ndani.