Barua kwa mwanangu: polisi wakibisha hodi

Mwanangu Tumaini,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema juzi usiku polisi waliingia kwenye nyumba mnayopanga hapo Tabata, Dar es Salaam, wakamchukua kijana wa chumba cha tatu na simu yake na kompyuta, na wapangaji wote mkabaki mnatazamana. Unauliza: wakija mlangoni kwako, ufungue au usifungue? Na wakisema wanapekua, una lolote la kusema?

Utafungua, lakini kwa utaratibu. Na la kusema unalo, ila sehemu kubwa utalisema kwa kalamu. Watu hudhani mambo ya upekuzi yanaamuliwa pale mlangoni, kwa nani kapaza sauti zaidi. Yanaamuliwa miezi kadhaa baadaye, hakimu akiwa ameshika karatasi iliyojazwa usiku ule, anasoma kilichoandikwa na nani kasaini. Kwa hiyo nguvu zako ziwekeze kwenye karatasi hiyo.

Anza kwa kujua wamekuja kufanya nini, maana si kila hodi ya polisi ni upekuzi. Wanaweza kuwa wanamtafuta mtu aliyehama zamani, wanaleta habari ya ajali, au wanataka maelezo yako kama shahidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu mpelelezi kukuita kwa maandishi ufike kutoa maelezo. Mtu wa namna hiyo unaweza kuongea naye hapo barazani, ukachukua jina lake na namba ya simu, ukamwambia utafika kituoni kesho saa tatu asubuhi. Na ukisema utafika, fika, maana wito ukiudharau ndipo wanaporudi na gari.

Wakigonga usiku, washa taa ya nje kwanza. Uliza ukiwa ndani: "Nani mwenzangu, na mnatoka kituo gani?" Askari mwenye sare ana namba yake: herufi na tarakimu, kisha cheo. Maofisa kuanzia wakaguzi hawana namba hizo, hao utawauliza jina na cheo. Askari kanzu ndio wa kuangalia zaidi, kwa sababu matapeli na majambazi wanapenda sana kujiita askari kanzu. Omba kitambulisho kipitishwe kwenye nondo za dirisha au ukisome kwa mwanga wa simu, kisha mpigie mjumbe wako wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, au piga 112 uulize kama kituo hicho kimetuma watu. Askari wa kweli atanung'unika lakini atasubiri dakika tatu. Asiyetaka kutaja kituo wala kukuruhusu upige simu, mpigie kelele majirani.

Ila dakika tatu zisigeuke nusu saa. Polisi wanaotaka kumkamata mtu wanayeamini yumo ndani, wakishajitambulisha, wakasema wamefuata nini na wakanyimwa njia, sheria inawaruhusu kuvunja mlango. Na ukimficha mtu chumbani au ukiusukuma mlango kuwazuia, umejitengenezea kosa lako mwenyewe, hata kama lile lililowaleta halikuhusu.

Sasa upekuzi wenyewe. Kawaida unahitaji kibali cha maandishi: cha mahakama, au cha mkuu wa kituo, ambaye sheria inamruhusu ama aje mwenyewe ama amwandikie askari idhini akishaona kuna sababu za msingi (hicho ni kifungu cha 38 katika toleo la 2022, namba huweza kusogea toleo likibadilika). Kisome. Angalia mambo manne: jina au nyumba iliyotajwa, kitu kinachotafutwa, saini na muhuri, na tarehe. Nyumba yenu ina vyumba sita na familia sita. Hati ikimtaja mpangaji wa chumba cha tatu, kwa sauti ya upole waambie kwamba chumba cha tano ni chako na hakimo kwenye hati. Wengi wanashindwa hapo kwa sababu wamezubaa, mlango wako uko wazi, na askari mgeni hajui mpaka wa nani uko wapi.

Kibali kinatekelezwa kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, siku yoyote, hata Jumapili. Saa nane ya usiku kunatakiwa ruhusa ya mahakama. Lakini usije ukasimama mlangoni na sentensi hiyo kama ngao, kwa sababu mlango wa pili upo: dharura. Polisi akiamini kwa sababu za msingi kwamba kitu cha ushahidi kitapotezwa au kuharibiwa akisubiri, na hali ni ya uzito na haraka kweli, anaweza kuingia na kupekua bila hati. Kikosi cha kupambana na dawa za kulevya nacho kina sheria yake yenye mamlaka mapana zaidi. Kama ilikuwa dharura ya kweli au ya kusingizia, hilo hulijui wewe usiku huo na si wewe utakayeliamua. Kazi yako ni kusema mara moja, mbele ya shahidi: "Sijaonyeshwa hati ya upekuzi. Sikubali, ila siwazuii." Halafu unanyamaza na kuangalia saa. Mahakama ya Rufani imeshavitupa nje vielelezo vilivyopatikana bila hati na bila dharura yoyote.

Shahidi ni nani? Mtu huru asiye askari: mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, ama jirani. Mara nyingi polisi wenyewe huja na mjumbe. Kosa linalojirudia ni kwamba mjumbe anaamshwa mwishoni, anakuta vitu viko mezani, anaambiwa "saini hapa mzee." Huyo hakushuhudia upekuzi, ameshuhudia meza tu. Waombe wamsubiri kabla hawajagusa kitu. Kisha omba mambo mawili kwa adabu: kwanza, wanaoingia waonyeshe mifuko na mikono yao mbele ya mjumbe, pili, waende chumba kimoja kimoja, wewe na mjumbe mkiwa mlangoni. Wanaweza kukataa. Ila askari watatu wakisambaa vyumba vitatu kwa mkupuo, na kimojawapo kikatoa kifurushi, hakuna aliyeona kimetoka wapi, na hapo ndipo maneno ya kubambikiwa kesi yanapoanzia, ya kweli na ya uongo. Kumbuka pia: mwanamke hupekuliwa mwilini na mwanamke mwenzake, kwa staha. Hilo halina mjadala. Kama hawakuja na askari wa kike, watamleta au watasubiri kituoni.

Pesa taslimu zihesabiwe mbele yako, kwa sauti, noti kwa noti, kabla hazijaingia kwenye bahasha.

Wakimaliza watajaza hati ya ukamataji mali. Hapa ndipo nataka ukae chini, uvute taa karibu, usome kila mstari hata kama wanakuharakisha. Hati nzuri ina tarehe, saa, mahali hasa palipopekuliwa, orodha ya vitu, jina na saini yako, ya shahidi na ya askari. Ubaya huwa kwenye orodha. Mstari ukisema "simu moja nyeusi," simu hiyo inaweza kuwa yoyote kati ya elfu. Bonyeza *#06#, namba ya IMEI ya tarakimu 15 itatokea, iandikwe. Kompyuta iandikwe aina, rangi na namba iliyo tumboni mwake. Pesa ziandikwe ni noti ngapi za 10,000 na ngapi za 5,000. Kifurushi kiandikwe kilikutwa wapi: "chini ya godoro, chumba cha tano" na "uani, karibu na pipa linalotumiwa na wapangaji wote" ni kesi mbili tofauti kabisa.

Karatasi yenye nafasi tupu katikati ya orodha na saini chini, usiisaini hivyo. Omba wapige mstari mrefu mpaka mwisho. Kuna kitu ambacho hakikutoka kwako? Usichane karatasi wala kugoma. Andika pembeni ya saini yako, kwa mkono wako: "Namba 4 hakikukutwa chumbani kwangu," kisha saini. Wakikukatalia kuandika, basi usisaini, na umwambie mjumbe kwa sauti kwa nini husaini. Sheria pia inadai stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa, yenye saini yako na ya mashahidi kama wapo. Omba nakala. Mashine ya kutoa nakala haipo usiku wa manane, najua. Omba uipige picha, na wakikataa, nakili kwenye daftari. Usijidanganye kwamba wakikosa kukupa stakabadhi kesi imekufa. Mahakama ya Rufani imeshakubali pia hati ya ukamataji iliyosainiwa na mshtakiwa na mashahidi ikasimama badala yake. Kwa maneno mengine, saini yako ndiyo inayoziba mapengo yao. Iweke unapojua unachokiziba.

Kuhusu simu, uliyoiuliza kwa herufi kubwa: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi njia ya kuchukua vifaa vya kielektroniki. Kufuta ujumbe wakiwa mlangoni, au kuitupa simu chooni, ni kuharibu ushahidi, nalo ni kosa peke yake. Wakitaka namba ya siri na hujui kosa ni lipi, waambie utalijibu hilo ukiwa na wakili. Izime mbele yao kabla haijaingia kwenye bahasha, na saa ya kuizima iandikwe.

Wakisema twende kituoni, uliza: "Niko chini ya ulinzi, na kwa kosa gani?" Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu. Vaa viatu vya kufunga na nguo nzito kidogo. Chukua kitambulisho cha NIDA na dawa zako kama unazo, vitu vya thamani muachie jirani. Mwambie mtu mmoja jina la kituo, kwa sababu ndugu hupoteza siku nzima wakizunguka kutoka kituo hadi kituo. Kituoni una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mahojiano ya kawaida yasizidi muda wa saa nne, na askari anayesimamia upelelezi anaweza kuyaongeza kwa muda usiozidi saa nane zaidi; muda wa safari hauhesabiwi. Jina lako na anwani, sema. Mengine unaweza kukaa kimya, na wanapaswa kukuonya kwamba usemacho kitatumika kama ushahidi. Ukitoa maelezo, usomewe au uyasome mwenyewe, ukosoe makosa, ndipo usaini. Mwandishi wa maelezo mara nyingi anaandika kwa lugha yake ya kituoni. Neno "nilikiri" likiwa pale uliposema "nilisikia", likatwe na urekebishe.

Dhamana ya polisi ni bure. Hata shilingi ya karatasi hailipwi. Anayekuambia "changia mafuta" anaomba rushwa, na nambari ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113. Ndani ya saa 24 ulitakiwa uwe umefikishwa mahakamani au umepewa dhamana, ukiacha makosa kama yale ya adhabu ya kifo. Kuna makosa ambayo hata mahakamani hayapewi dhamana, kama mauaji, wizi wa kutumia silaha na kusafirisha dawa za kulevya; kwa hayo wakili anahitajika usiku huohuo, si Jumatatu. Ukiwa huna pesa za wakili, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana watu wa msaada wa kisheria. Ukiumizwa, dai PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hapohapo uende hospitali, maana jeraha lisiloandikwa siku ya kwanza hubishaniwa.

Asubuhi yake, kabla hujalala, andika saa waliyoingia, saa waliyotoka, walikuwa wangapi, nani aliingia chumba kipi, namba ya gari. Mwombe mjumbe asaini chini. Malalamiko yana ngazi: mkuu wa kituo, mkuu wa polisi wa wilaya, kamanda wa mkoa, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Leo jioni, kabla ya lolote, pitia kwa mjumbe akujue kwa sura na uchukue namba yake. Mkataba wako wa pango weka mahali pamoja na risiti ya televisheni, jokofu na ile simu uliyonunua Kariakoo. Kama ile simu haina risiti, mwambie muuzaji akuandikie yenye IMEI, jina na saini, kwa sababu simu za mkono wa pili ndizo zinazoleta polisi kwenye vyumba vya watu wasio na hatia: inafuatiliwa kwa namba yake, inakutwa kwako, na kosa la kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi linaanza kwa swali moja tu la uliitoa wapi. Yule kijana wa chumba cha tatu, waulize nduguze kama wamepata nakala ya hati. Kama hawana, waende kituoni kesho kuiomba hiyo kwanza.

Mama yako