Kansa ya damu inamlaje mzee mifupa?
Dada wa Tukuyu pole sana, umeuliza kansa ya damu imefikaje kwenye mgongo wa baba na kama maziwa yatasaidia. Iko hivi, hiyo kansa ya damu ya baba inaitwa maieloma, inaanzia kwenye seli za plazma, hao ni askari wa mwili wanaotengeneza kingamwili, na wanakaa humohumo kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mfupa. Sasa kwenye mfupa kila siku kuna seli zinazobomoa na zingine zinajenga, hawa askari walioasi wanawachochea wabomoaji halafu wanawafunga mikono wajenzi, ndo maana eksirei inaonesha matundu. Na sio wao tu, hata baadhi ya seli T, askari wengine wa mwili ambao wangetakiwa wawashughulikie hao waasi, zinageuka zinatoa kemikali za kuwapa nguvu wabomoaji, na wabomoaji wenyewe ni ukoo mmoja na makrofeji, askari wanaomeza vijidudu, yaani ugomvi wa ndani ya familia kabisa.

Kwahiyo maziwa hayazibi matundu, na vidonge vya kalsiamu msimpe kienyeji maana mfupa ukimegwa kalsiamu inamwagikia kwenye damu. Dawa za maumivu kama diklofenaki za kununua dukani acheni, maieloma yenyewe inaumiza figo tayari. Mkienda Hospitali ya Rufaa Mbeya muulizeni daktari kuhusu asidi ya zoledroniki, ni dripu ya kuwatuliza wabomoaji, ila apimwe figo na meno yakaguliwe kwanza. Miguu ikianza kulegea au mkojo ukigoma msisubiri tarehe ya kliniki, tafuteni gari usiku huohuo.