Hedifoni za mbele kimya, maiki hainasi: yaliyonikuta kwenye kompyuta ya mezani yenye Linux

Ndugu yangu, umeeleza kwamba spika ulizochomeka nyuma ya kompyuta zinalia vizuri, ilhali hedifoni ukizichomeka mbele hazitoi sauti na maiki yake hainasi kitu. Mimi nilihangaika na jambo hilohilo siku mbili nzima, nikasakinisha upya Ubuntu (aina ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta) bila sababu yoyote ya maana, ndipo nikabaini kwamba zilikuwa hitilafu mbili tofauti, na hakuna hata moja iliyotokana na Linux.

Anza na pini ya hedifoni. Hesabu mistari inayoizunguka: ikiwa ni mitatu, pini hiyo ina sehemu nne na imetengenezwa kwa ajili ya simu, ambapo ncha ni ya sikio la kushoto, inayofuata ni ya kulia, na maiki iko huko mwishoni. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, la kijani la kusikilizia na la waridi la maiki, na hili la waridi hutarajia sauti ya maiki ifike kwenye ncha. Nilichomeka pini ya simu humo, nikaandika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) arecord -f cd -d 5 jaribio.wav, amri ya kurekodi kwa sekunde tano, nikazungumza, na nilipoicheza faili sikusikia chochote. Nikarudia, safari hii nikiwa nimeweka mdomo karibu kabisa na kikombe cha sikio la kushoto, na sauti yangu ikarudi hafifu kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Spika ya sikio ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ya maiki! Hapo hakuna programu itakayokusaidia. Tafuta adapta ya kugawa, ile yenye tundu moja upande mmoja na pini mbili upande wa pili.

Ukimya wa hedifoni ulinichosha zaidi. Nilifungua alsamixer, programu ya terminali ya kurekebisha viwango vya sauti, nikabonyeza F6 kuchagua kadi ya sauti ya kompyuta badala ya ile ya HDMI (inayopeleka sauti kwenye skrini), nikahakikisha kwamba chini ya nguzo ya "Headphone" hapakuwa na herufi MM, ambazo maana yake sauti imezimwa (huondolewa kwa kubonyeza M). Kila kitu kilikuwa sawa. Kilichonifumbua macho ni amri amixer -c 0 contents, inayoonyesha hali ya kila kipengele cha kadi ya sauti namba 0: hedifoni zikiwa zimechomekwa kabisa, kipengele cha "Front Headphone Jack" kiliendelea kuonyesha values=off. Kwa maneno mengine, kompyuta haikuwa na habari kwamba kuna kitu tunduni.

Nilizima kompyuta, nikachomoa waya wa umeme, nikafungua kasha. Waya unaotoka kwenye matundu ya mbele ulikuwa na vichwa viwili, kimoja kimeandikwa HD AUDIO na kingine AC'97, na aliyeniunganishia kompyuta alichomeka cha AC'97, mtindo wa zamani usio na njia ya kuiarifu kompyuta kwamba pini imeingia. Nilibadilisha kichwa, nikawasha, na off ikawa on.

Ikiwa kasha lako ni la zamani na lina kichwa cha AC'97 peke yake, usilitupe. Fungua pavucontrol, programu ya kuchagua sauti itokee wapi, uchague tundu la hedifoni kwa mkono hata kama limeandikwa kwamba halijachomekwa kitu. Usiporidhika, sakinisha alsa-tools-gui, ufungue hdajackretask, programu ya kubadilisha mipangilio ya matundu ya sauti, na kwa tundu la hedifoni la mbele ueleze kwamba halina utambuzi wa kuchomekwa, kisha uwashe kompyuta upya. Baadhi ya BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka) pia zina sehemu ya kuchagua aina ya paneli ya mbele, HD au AC'97.

Usibadilishe chochote kabla ya kuendesha ile amri ya amixer mara mbili, hedifoni zikiwa zimechomekwa na zikiwa zimechomolewa. Weka hapa matokeo yote mawili, pamoja na idadi ya mistari kwenye pini yako.