Mpigo mfupi wa leza hukuzwaje bila kupasua vioo?

Kaka, umesema mhadhara wa leza pale kampasi ya Chiromo, Nairobi, ulikuacha na swali: mpigo mfupi mno hukuzwaje bila kuharibu kikuzaji? Haukuzwi ukiwa mfupi. Hapo ndipo penye utamu. Mwaka 1985, huko Rochester, Marekani, wanafizikia Donna Strickland na Gérard Mourou waliupitisha kwanza kwenye faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga, ya kilomita 1.4. Ndani yake mawimbi marefu ya mwanga yakatangulia, mafupi yakachelewa, mpigo ukarefuka na ukali ukapungua. Ndipo wakaukuza. Mwishoni, jozi ya vibao vyenye mistari myembamba sambamba ikayafanya yaliyochelewa yayafikie yaliyotangulia. Nishati iliyokusanywa hutoka ndani ya muda mfupi mno, kwa hiyo nguvu hupanda ghafla. Nobel ya 2018 waliistahili kabisa!