Saa Mbili za Kwanza: Diablo IV au Path of Exile 2?

Ukinunua gemu Steam, duka la gemu la mtandaoni, una siku 14 za kuirudisha na kudai hela yako, mradi hujaicheza zaidi ya saa 2. Wengi tunazimaliza hizo saa mbili kwa kushangaa picha na kuchagua nywele za mhusika, halafu tunabaki na gemu isiyotufaa. Nimecheza Diablo IV na Path of Exile 2, gemu mbili za mapigano, zote kwenye kompyuta, zote hapa hapa Tabata, na kwa anayetaka kununua moja ushauri wangu ni huu: ndani ya hizo saa mbili, jaribu kufa, halafu jaribu kuitwa.

Nianze na kufa.

Diablo IV, iliyotoka Juni 2023, inajua kupokea mgeni. Unaanzia milimani kwenye theluji, unafika kijiji cha Nevesk, wanakijiji wanakukaribisha na kukunywesha, na kabla vidole havijazoea vitufe umeshajua kwamba wenyeji wako hawakutakii mema. Ilikuwa Februari, joto lile la Dar mnalijua, feni inazunguka juu ya kichwa changu, na bado nilikuwa naiona ile baridi. Nilichagua Barbarian, anayetembea na silaha nne kwa pamoja. Ndani ya saa moja nilikuwa nafyeka makundi ya mashetani kama mtu anayefyeka majani uwanjani. Adui wanapanda levo pamoja nawe, kwa hiyo popote unapokwenda unakuta wa kiasi chako. Usiku huo sikufa hata mara moja. Nililala nimefurahi, na furaha ile ilikuwa ya kweli kabisa.

Path of Exile 2 niliinunua ikiwa bado haijakamilika. Grinding Gear Games, kampuni ya New Zealand, iliifungulia milango Desemba 2024 kwa dola 30, ikisema itakapokamilika itakuwa ya bure. Nikachukua Warrior, ili nilinganishe mtu wa misuli na mtu wa misuli. Rungu lake ni zito kwelikweli. Unabonyeza, linapanda kwanza, ndipo linashuka, na hapo katikati adui ana muda wa kukuuma atakavyo. Bosi wa kwanza, yaani adui mkubwa wa kwanza, ni msaga nafaka aliyevimba, anakusubiri hata kabla hujafika kambini. Aliniua mara nne. Na kila ukimfia, ukirudi unamkuta na uhai wake wote, kama hamjawahi kuonana.

Kifo cha nne ndicho kilichonifundisha. Nilikuwa nacheza gemu hii kwa mikono ya Diablo. Kule, ukishakwepa mara moja unasubiri sekunde kadhaa kabla ya kukwepa tena, kwa hiyo unazoea kusimama na kupokea mapigo. Huku unabingirika muda wowote, na mabosi wametengenezwa wakijua kwamba unaweza. Nikaacha kubonyeza ovyo, nikaanza kuangalia mabega ya yule msaga: yakipanda, nabingirika, akishapiga, nampiga moja, natoka. Akaanguka.

Baadaye kidogo nikapata pigo linaloitwa Boneshatter, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo gemu hii iliponishika. Pigo hili halifai kutumiwa tangu mwanzo. Unamgonga adui kwa pigo la kawaida, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka alama inaonyesha yuko tayari kuyumba. Hapo ndipo unaliachia. Linamlegeza yeye, na mshindo wake unawabomoa waliomzunguka. Mara ya kwanza lilipokubali, kundi la watu saba lilianguka kwa rungu moja, nikasimama kutoka kwenye kiti. Whirlwind ya Barbarian, pigo lake la kuzunguka na silaha, ni tamu, lakini haijawahi kunisimamisha.

Basi ukishakufa mara ya tatu, jisikilize. Ukijikuta unasema "ngoja, nimeona nilipokosea", Path of Exile 2 ni yako. Lakini kama siku yako inaisha umesimama kwenye daladala kutoka Mbagala na unachotaka jioni ni kupumzisha akili, chukua Diablo IV na usikubali mtu akuambie umechagua cha watoto. Kwa hadithi na mandhari, hadi leo naiweka mbele.

Kuna jambo moja linalowatisha watu kwenye Path of Exile 2 bila sababu: ule mti wa uwezo, mchoro unaochagulia nguvu za mhusika wako, wenye vituo takribani 1,500. Usiku wa kwanza usiusome. Chukua vituo vilivyo jirani na ulipoanzia, vinavyoongeza nguvu ya pigo lako na uhai, endelea na safari. Ukikosea unarekebisha kwa dhahabu unayookota humo humo.

Sasa mashine na intaneti. Gemu zote mbili zinadai intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako. Kucheza kwenyewe hakuli bando sana. Kinachokula ni kupakua na masasisho, kwani zote ni kubwa mno. Mimi nilikwenda na diski ya nje kwa rafiki yangu Kijitonyama mwenye intaneti ya nyumbani, nikapakulia huko, nikarudi nayo. Path of Exile 2 inakuruhusu kuchagua seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha gemu. Chagua ya Afrika Kusini uone kama mikono yako na skrini vitaelewana zaidi. Umeme ukikatika usihangaike sana, mhusika na vitu vyake viko kwenye seva. Utakachopoteza ni mahali ulipokuwa umefika kwenye pango.

Halafu hakikisha kompyuta ina SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka. Kuna duka moja Kariakoo waliniapia kwamba mashine ninayonunua inayo, kumbe ilikuwa diski ya kuzunguka. Kila mlango wa pango nilikuwa nausubiri mpaka chai inapoa. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji afungue Task Manager, programu iliyomo ndani ya Windows, sehemu ya utendaji. Aina ya diski imeandikwa pale pale.

Tuje kwenye kuitwa. Wengi wetu hatuishi peke yetu, na gemu inayodai saa nzima bila kuinua kichwa itakugombanisha na watu wa nyumbani. Diablo IV haisimami. Ukifungua menyu, dunia inaendelea nyuma yake. Jioni moja nilikuwa pangoni, mama akaniita nimfungulie geti. Kurudi, Barbarian wangu yuko chini, amekufa na silaha zake nne.

Path of Exile 2, ukiwa peke yako, unabonyeza Esc na kila kitu kinasimama. Nililifahamu hilo wiki ya pili, nikiwa mbele ya Count Geonor, bosi wa mwisho wa sehemu ya kwanza, yule anayegeuka mbwamwitu. Nilikuwa nimeshamfia mara nyingi, na safari hii uhai wake umebaki kipande kidogo. Sauti ikatoka uani:

"Wewe! Maji yametoka! Njoo tujaze kabla hayajakata."

"Naam mama, nakuja."

Nikabonyeza Esc. Mbwamwitu akabaki juu, meno nje, makucha yakinielekea. Nikajaza pipa na ndoo sita, nikamsaidia kuingiza mbili jikoni, nikafuta mikono kwa fulana, nikakaa. Bado alikuwa juu. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kubingirika kwanza, ndipo nikamruhusu atue.